SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: CHAMA KINAPOPATWA NA MAAFA KATIKATI YA MSIMU

Somo hili limekusudiwa kwa wajumbe wa bodi, makatibu mameneja, watunza ghala, makarani wa mizani na kamati za elimu za vyama vya msingi. Lisomwe kwa pamoja, na lisomwe kabla ya msimu kufunguliwa, kwa sababu mengi yanayoelezwa humu hayawezekani tena mara kazi ya kupokea mazao inapoanza.

Chukulia chama cha msingi cha korosho chenye wanachama 600. Wiki tano za msimu zimekwisha pita. Kila siku ya kazi karani ameandika stakabadhi 40, na kwa siku sita za wiki jumla yake sasa ni stakabadhi 1,200. Baadhi ya korosho zimekwisha pelekwa ghala kuu, nyingine zimo bado katika ghala la chama zikingoja gari. Wanachama walioleta mapema wamelipwa; walioleta karibuni wanangoja mnada. Usiku mmoja moto unazuka, na asubuhi ofisi na ghala ni majivu. Je, chama kinadaiwa na nani, kiasi gani, na nani kati yao amekwisha lipwa?

Chama kinachoweza kujibu swali hilo kimepoteza jengo na mazao. Kisichoweza kujibu kimepoteza ushirika wenyewe.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao katika zao la korosho ulianza kutumika mkoani Mtwara msimu wa 2007/08 kwa kufuata sheria ya mwaka 2005, umeleta faida zinazojulikana. Lakini pia umeongeza muda ambao mali ya mkulima hukaa mikononi mwa wengine. Mwanachama hukabidhi korosho leo na kurudi nyumbani na kipande cha karatasi. Tangu saa hiyo hadi fedha ziingie katika akaunti yake, mali imekwisha mtoka na bei haijamfikia. Katika kipindi hicho, dhamana yake ni karatasi ile na daftari la chama tu. Magunia yakiungua yaweza kuthaminiwa na kulipwa. Daftari likiungua, hakuna mthamini anayejua gunia lipi lilikuwa la nani.

Maafa ya namna nyingi

Watu wengi wakisikia neno maafa hufikiri moto. Yafaa bodi iangalie mbali zaidi ya hapo.

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu walipoteza maisha na maelfu ya nyumba yakabomoka au kupata nyufa. Ulikuwa msimu wa kahawa. Funzo la tetemeko kwa vyama ni kwamba si lazima daftari liungue ndipo lipotee. Yatosha jengo lipate ufa, wataalamu wakataze mtu kuingia, na daftari likabaki salama juu ya meza ambayo hakuna awezaye kuifikia. Tarehe 3 Desemba 2023 matope kutoka Mlima Hanang yalishuka hadi Katesh na kujaa katika nyumba na maduka. Kilichokuwa ndani kilizikwa. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani, mvua ilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Somanga, Kilwa. Ilikuwa miezi ambayo vyama vya kusini hujiandaa kugawa salfa na pembejeo nyingine za mikorosho. Chama ambacho ghala lake halikuguswa hata na tone la maji kilijikuta kikingoja magari yasiyoweza kupita. Siku chache tu baadaye, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilikatika na huduma ya intaneti ikadorora nchini na katika nchi za jirani. Wazee wa Lindi nao hawahitaji kuambiwa juu ya kimbunga cha Aprili 1952.

Yako na maafa yasiyotoka mbinguni wala ardhini. Katika msimu wa 2018/19 minnada ya korosho ilikwama kwa sababu ya bei, na mwezi Novemba 2018 serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likatumika kuzisomba. Malipo yalitanguliwa na uhakiki wa wakulima. Katika uhakiki wa namna ile daftari ndilo shahidi wa kwanza kuitwa, na mwanachama ambaye jina lake limeandikwa kwa penseli, au kwa jina la utani, hupata taabu hata kama kila kilo ni jasho lake.

Mwisho, yako maafa madogo ambayo hayatangazwi redioni: katibu meneja amelazwa hospitali naye peke yake ndiye ajuaye neno la siri la kompyuta; mizani imeharibika siku ya soko; mtunza ghala ametoroka na funguo. Kwa chama chenye mtendaji mmoja, homa ya mtu huyo mmoja ni sawa na gharika.

Kazi zipi haziwezi kusimama

Bodi ianze kwa kuorodhesha kazi za chama na kuuliza, kwa kila moja, inaweza kusimama kwa siku ngapi kabla ya madhara. Mkutano mkuu waweza kuahirishwa kwa majuma. Ukarabati wa ofisi waweza kungoja mwaka. Malipo ya wanachama baada ya mnada hayawezi kucheleweshwa kwa muda mrefu bila imani kupungua. Kupima na kupokea mazao hakuwezi kusimama hata siku tatu.

Sababu ya hukumu hiyo ya mwisho inajulikana katika kila kijiji cha korosho. Mkulima mwenye mtoto anayedaiwa ada hatangoja mizani ya chama itengenezwe. Mnunuzi wa kangomba yuko tayari mlangoni, na bakuli lake halihitaji umeme. Huko Kagera ni yale yale kwa jina jingine: butura, ambapo kahawa huuzwa ingali mtini. Wanachama wakikuta mlango wa chama umefungwa kwa juma moja, sehemu ya mazao haitarudi tena msimu huo, na ushuru wa chama utapungua wakati chama kina haja kubwa zaidi ya fedha. Kwa hiyo mpango wote wa dharura wapaswa kujengwa juu ya jambo hili moja: keshoyake maafa, au keshokutwa, mwanachama akija na gunia lake alikute lipo la kulipimia na mtu wa kumwandikia.

Swali la pili ni gumu kidogo, nalo ni hili: chama kiko tayari kupoteza kumbukumbu za muda gani? Jibu la haraka ni kwamba hakiko tayari kupoteza hata moja. Lakini kila jibu lina gharama yake. Chama kinachopeleka nakala ya vitabu chama kikuu mara moja kwa mwezi kimekubali, bila kusema, kupoteza mwezi mzima. Kinachofanya hivyo kila juma kimekubali kupoteza juma. Kwa chama cha msingi, kipimo kinachofaa na kisicho na gharama kubwa ni siku moja.

Nakala ya jioni

Njia yenyewe ni nyepesi, nayo haihitaji mashine. Kila jioni, baada ya gunia la mwisho kupimwa, karani wa mizani na katibu wafunge siku kwa karatasi moja iitwayo Jumla ya Siku. Humo huandikwa namba ya stakabadhi ya kwanza na ya mwisho, idadi ya walioleta, kilo za kila daraja, magunia yaliyoondoka kwenda ghala kuu pamoja na namba ya hati ya safari, na magunia yaliyobaki. Karani, katibu na mjumbe wa bodi wa zamu watie saini. Pamoja na karatasi hiyo ziambatanishwe nakala za stakabadhi zote za siku hiyo.

Vitabu vingi vya stakabadhi hutoa nakala tatu: moja ya mwanachama, moja ya kupostia katika leja, moja hubaki kitabuni. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuzilaza nakala mbili za chama katika kabati moja. Hizo si nakala mbili mbele ya moto, ni moja. Nakala ya pili ilale nyumba nyingine, tena nyumba isiyopakana na ofisi wala isiyo bondeni ikiwa ofisi iko bondeni. Nyumba ya mwenyekiti au ya mjumbe aliyeteuliwa kwa kumbukumbu ya kikao yatosha, mradi liwepo sanduku lenye kufuli. Kila juma furushi lisafiri na gari la mazao hadi chama kikuu, dereva asaini kupokea, na chama kikuu kisaini tena.

Penye simu yenye kamera, karatasi ya Jumla ya Siku na stakabadhi zipigwe picha jioni ile ile na kutumwa kwa ofisa mmoja wa chama kikuu aliyepangiwa kazi hiyo. Zisitumwe katika kundi la simu la kijiji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu mwanachama wa ushirika kama inavyomhusu mtu mwingine yeyote, na namba ya akaunti ya mkulima si habari ya kusambazwa barazani.

Vyama vinavyotumia kompyuta au mizani ya kidijiti visidhani vimevuka mto. Flashi iliyowekwa katika droo ya kompyuta huibwa pamoja na kompyuta. Taarifa zilizo katika mfumo wa mtandao ziko salama, lakini siku mtandao ukikatika hazionekani, na mwanachama aliyesimama mizanini haoni tofauti. Kitabu cha stakabadhi cha karatasi hakina budi kuwepo daima, na makarani wajue kukitumia. Aidha, mara moja katika kila mwezi nakala ichukuliwe mahali ilipohifadhiwa, ifunguliwe katika kompyuta nyingine, na wanachama kumi walinganishwe na leja. Nakala nyingi hugunduliwa kuwa tupu siku ile zinapohitajika.

Neno moja juu ya sefu. Wajumbe wengi huamini kwamba kisanduku cha chuma huzuia moto. Kisanduku cha bati jembamba huzuia mwizi mvivu tu; katika moto huwa tanuri. Karatasi huungua joto lipitapo kidogo nyuzi 200, na karatasi zilizomo hubadilika kuwa mkaa bila ndimi za moto kuzigusa. Sefu iliyotengenezwa hasa kwa kuhimili moto hupatikana, lakini bei yake ni kubwa, na nakala iliyolala nyumba ya pili hufanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ya karatasi.

Na sasa mfano ule wa mwanzo urudiwe kwa chama chenye nakala ya jioni. Moto umeteketeza stakabadhi 1,200. Nakala za siku 29 zimo salama kwingine. Zilizopotea ni zile 40 za siku ya mwisho, ikiwa hata hizo hazikuwahi kupelekwa, na wenye nazo wanakumbukwa na kila mtu kwa kuwa walikuwepo jana. Chama kimebakiwa na mashauri 40 badala ya 1,200.

Iko faida nyingine ambayo makatibu waaminifu wapaswa kuitafakari. Moto unaotokea siku chache kabla ya ukaguzi huleta maneno, hata kama chanzo chake ni hitilafu ya umeme iliyothibitishwa. Wanachama hawatauliza kwanza juu ya waya. Watauliza juu ya katibu. Katibu ambaye nakala zake zote zimo chama kikuu hana haja ya kujitetea, kwa sababu moto huo haukuficha kitu. Asiye na nakala atabeba shaka hiyo kwa miaka, na familia yake pia, ingawa mikono yake ni safi.

Watu, funguo na mizani ya jirani

Kila kazi iwe na mtu wa pili. Karani wa mizani afundishe mjumbe mmoja kupima na kuandika stakabadhi. Katibu amfundishe mtu kufunga siku. Watia saini wa benki wawe wa kutosha ili kuugua kwa mmoja kusifunge akaunti. Maneno ya siri yaandikwe, yatiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kusainiwa juu ya mkunjo, na bahasha iwekwe kwa mwenyekiti. Ikifunguliwa, sababu iandikwe katika kitabu cha kumbukumbu na maneno yabadilishwe.

Kuhusu mahali na vifaa, msaada ulio karibu zaidi si wa mkoani. Ni chama cha kijiji cha pili. Ushirikiano baina ya vyama vya ushirika ni kanuni ya sita kati ya zile saba zilizotangazwa na Shirikisho la Kimataifa la Ushirika mwaka 1995, lakini kanuni haibebi gunia mpaka iandikwe. Vyama viwili vijirani viandikiane makubaliano mafupi: chama kikipatwa na maafa, mwenzake atakipa sehemu ya ghala na mizani kwa siku zilizotajwa; mazao yapangwe juu ya chaga zake peke yake, yasichanganywe; stakabadhi ziwe za chama kilichopatwa, ziandikwe na karani wake; gharama ya vibarua ilipwe kwa kiwango kilichotajwa. Yakiachwa yajadiliwe siku ya dhiki, mwenye ghala ataonekana mroho na mgeni ataonekana mzigo. Mizani ya kuazima iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na iwe na stika ya mwaka huo. Dharura haiwi ruhusa ya kumpunja mkulima.

Liwepo pia sanduku la dharura, nalo lisilale ofisini. Ndani yake kiwemo kitabu kipya cha stakabadhi, fomu za Jumla ya Siku, kalamu za wino mkavu, kikokotoo, tochi, nakala ya cheti cha kuandikishwa, masharti ya chama, hati ya bima, na orodha ya simu za wanaopaswa kuarifiwa. Namba za kitabu kile cha stakabadhi zisajiliwe chama kikuu. Tahadhari hii si ya bure. Kitabu cha stakabadhi kisichojulikana kilipo ni hatari kwa chama kuliko moto.

Ghala lenyewe

Katika ghala, salfa isikae pamoja na korosho. Salfa huwaka, na moshi wake hukaba pumzi kiasi kwamba waokoaji hawawezi kuingia. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayoshika moto kwa nguvu. Kwa hiyo jiko la mlinzi, mshumaa na sigara vikae mbali na ukuta, wala si nje ya mlango tu. Magunia yapangwe juu ya chaga, yaache njia kandokando ya kuta, yasiguse paa. Njia hiyo humsaidia mtunza ghala kuhesabu, humsaidia mkaguzi, na siku ya mafuriko huwapa watu nafasi ya kuhamisha. Mchanga na mitungi ya kuzimia moto iwe karibu na mlango. Mtungi uliowekwa nyuma kabisa ya ghala utaungua kwanza.

Bima na hesabu yake

Hapa ndipo bodi nyingi hukosea, tena kwa nia njema ya kupunguza gharama. Chukulia kwamba ghala lina magunia 750 ya kilo 80, yaani kilo 60,000. Kwa bei ya mfano ya shilingi 2,000 kwa kilo, thamani ni shilingi 120,000,000. Bodi imekata bima ya shilingi 60,000,000, ikijisemea kwamba si rahisi ghala zima kuungua. Moto unatokea na kuteketeza magunia 250, hasara ya shilingi 40,000,000. Wajumbe wanafurahi: hasara ni ndogo kuliko bima, basi italipwa yote.

Haitalipwa yote. Mikataba ya bima za mali aghalabu huwa na kifungu cha uwiano. Mali iliyokatiwa bima kwa nusu ya thamani yake huhesabiwa kwamba nusu ya kila hasara ni ya mwenye mali mwenyewe. Kampuni itachukua 60,000,000, igawanye kwa 120,000,000, izidishe kwa hasara ya 40,000,000, na jawabu ni shilingi 20,000,000, kabla ya kutoa kiasi ambacho mkataba unamtaka mkata bima abebe mwenyewe. Shilingi 20,000,000 nyingine zitatoka kwa nani? Zitatoka kwa wanachama, ambao hawakuulizwa.

Kwa hiyo thamani inayoandikwa iwe ile ya siku ghala linapojaa kuliko siku zote. Ikiwa ada ya bima ya mwaka mzima kwa kiwango hicho ni nzito, bodi imwombe wakala bima itakayopanda na kushuka kwa taarifa za kila mwezi. Isomwe pia ni hatari zipi zimetajwa. Bima ya moto si lazima iwe na mafuriko ndani yake, wala tetemeko, wala wizi wa mtumishi, wala mazao yakiwa njiani. Chama kiombe pia kuonyeshwa bima ya mwendesha ghala kuu. Kuuliza si utovu wa adabu; mali iliyomo ni ya wanachama.

Pamoja na bima, chama kinahitaji fedha za kuanzia, kwa sababu fidia huchukua muda. Akiba ya chama itengewe sehemu ya dharura katika makisio ya mwaka. Kwa upande wa mikopo, ukomo wa madeni hupitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Bodi iliyokopa hadi kikomo mwezi Septemba haina pa kukimbilia mwezi Novemba. Mkutano mkuu unapopitisha ukomo, uache nafasi kwa ajili ya jambo lisilotazamiwa, na sababu ya nafasi hiyo iandikwe katika muhtasari.

Siku ya kwanza na zile zifuatazo

Watu kwanza, hakuna mtu atakayetumwa ndani ya jengo linaloungua au lenye nyufa kwa ajili ya daftari. Baada ya hapo eneo lilindwe na wajumbe wawili pamoja na uongozi wa kijiji. Polisi, kampuni ya bima, Afisa Ushirika wa wilaya na chama kikuu waarifiwe siku hiyo hiyo, kwa simu kisha kwa maandishi. Kamati ya maafa ya kijiji nayo iarifiwe, maana sheria ya maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hizo hadi ngazi ya kijiji. Picha zipigwe kabla ya kufagia. Mabaki ya magunia yasitupwe wala kuuzwa mpaka mthamini wa bima ayaone, isipokuwa yale ambayo yasipohamishwa yataharibu mengine. Hayo yahesabiwe mbele ya mashahidi.

Upokeaji ukianza tena, uanze kwa kitabu kipya kilichomo katika sanduku la dharura. Mstari mmoja uchorwe kati ya mambo ya kabla na ya baada. Yasichanganywe hata kidogo, kwani deni la zamani likiingizwa katika kitabu kipya halitatoka tena.

Vitabu vilivyolowa maji vishughulikiwe kwa upole. Visikunjuliwe kwa nguvu, visianikwe juani, visiwekwe karibu na jiko. Kurasa zilizoshikamana zikivutwa hupasuka pamoja na maandishi. Kitabu kisimamishwe wima, kiachiwe upepo kivulini, na karatasi nyeupe kavu ziingizwe kila baada ya kurasa chache na kubadilishwa mara kwa mara; gazeti lisitumike, wino wake hugusa kurasa. Ukungu huweza kuota kwa siku mbili tu katika hali ya joto na unyevu, basi vianzwe vile vyenye maana zaidi: daftari la wanachama, leja ya mazao, kitabu cha hisa. Penseli na wino wa kalamu mkavu hustahimili maji. Wino wa kalamu ya kuchovya na wa baadhi ya mihuri hutiririka. Visivyoweza kukaushwa vyote kwa mara moja vifungwe katika mifuko ya plastiki na kugandishwa, ikiwa yupo mtu mwenye friza, hadi zamu yao ifike.

Kama nakala hazikuwepo na daftari limeteketea, iliyobaki ni kulijenga upya, kazi ndefu na ya lawama. Wanachama waitwe kwa vitongoji walete stakabadhi zao. Kila stakabadhi isomwe mbele ya watu watatu na kuandikwa katika orodha yenye safu tatu: anachodai mwanachama, kinachoonyeshwa na karatasi za ghala kuu na za mnada, na kilicholipwa kwa mujibu wa benki. Pale safu zote zinapokubaliana, jambo limekwisha. Zisipokubaliana, jina liwekwe kando. Orodha nzima ibandikwe mahali pa wazi kwa siku zilizotangazwa, mapingamizi yapokelewe kwa maandishi, kisha ipelekwe mkutano mkuu mbele ya Afisa Ushirika. Jumla ya madai isizidi jumla ya kilo zilizopokelewa na ghala kuu pamoja na zile zilizothibitishwa kuungua. Ikizidi, mtu amedai mara mbili, au karani alipima vibaya, au kuna kitabu cha stakabadhi kilichotembea. Mjane na mzee asiyejua kusoma wasiachwe wasimame peke yao mbele ya meza hiyo. Kamati iteue mtu wa kuwasemea, kwa kuwa mara nyingi karatasi yao ndiyo iliyotumika kuwashia moto jikoni.

Kazi ya kikundi cha masomo

Kikundi kitembee pamoja hadi ofisini kwa chama chake jioni ya siku ya kazi na kuuliza: kama nyumba hii haitakuwepo kesho asubuhi, karatasi ya kwanza ya kuthibitisha deni la mwanachama fulani itatoka wapi, na nani atakwenda kuichukua? Kisha hati ya bima ifunguliwe na kiasi kilichoandikwa kilinganishwe na magunia ya siku ghala lilipojaa msimu uliopita, kwa hesabu iliyoonyeshwa hapo juu. Mwisho, kikundi kitaje chama jirani kitakachotoa ghala na mizani, na kueleza kama makubaliano yamekwisha andikwa au ni ya midomo. Majibu yaandikwe, yatiwe saini na mwenyekiti wa kamati ya elimu, na nakala moja ipelekwe chama kikuu kabla mizani ya msimu haijafunguliwa.